Wasifu wa marehemu sio wa kuruka jamani

Hivi nyie ma-MC wa misiba hapa Dar mna haraka ya kwenda wapi? Jana tumemzika mzee wetu huku Mbagala, mtu kapigana vita ya Kagera, kaingia Uganda kwa miguu na wenzake mpaka Kampala ikaanguka Aprili 1979, karudi akaendesha mabasi ya UDA mpaka akastaafu, yale Ikarus marefu ya kumbakumba, watu wazima wa mjini wanayajua. Basi ikafika zamu ya wasifu, MC anamwambia mjukuu fupisha, muda umeenda, mtoto wa watu kasoma kuzaliwa, watoto, ugonjwa, kakaa. Vita hakuna, UDA hakuna! Ila muda wa kutambulisha wageni na kutangaza rambirambi ulikuwepo, tena kila kamati inasimama ionekane, na wazee waliokuwa naye jeshini wamekaa kule nyuma ya turubai hawajaulizwa hata neno. Imeniuma sana kwa kweli. Wajukuu wenyewe wengine walikuwa hawajui kama babu alienda vitani. Punguzeni matangazo bana, wasifu usomwe wote.