Mhubiri asiye na shahada tunamwogopea nini?

Tangu miili zaidi ya 400 ifukuliwe katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, hoja moja hairudi nyuma kila makanisa yanapozungumzwa: asiyesoma theolojia asipande madhabahuni. Paul Mackenzie, mhubiri anayetuhumiwa kuwafundisha waumini wa Shakahola wafunge hadi kufa, tunakumbushwa, alikuwa dereva wa teksi. Na Rwanda ilishatangulia. Sheria yake ya 2018 inamtaka anayeliwakilisha kanisa kisheria awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, na waliokuwa tayari kazini wakapewa miaka mitano ya kujipanga. Muda ulipokwisha, ukaguzi wa katikati ya 2024 ulifunga maelfu ya nyumba za ibada, pamoja na zile zilizokutwa na kasoro za majengo na vyoo. Kenya nayo ilijaribu kwa rasimu ya kanuni za 2016. Makanisa yakapiga kelele, serikali ikarudi nyuma.

Wanaodai shahada hawana hoja ya kubezwa. Hata mwenye bodaboda anatakiwa leseni, wanasema, iweje anayeshika roho za watu, ndoa zao na mifuko yao asiulizwe kitu? Chukua Malaki 3:10, mstari wa zaka unaosomwa kabla kapu la sadaka halijapita. Aliyeketi darasani vizuri anajua kwamba sura ya kwanza ya kitabu kile inawakaripia makuhani wanaotoa sadaka ya wanyama vipofu na vilema, na kwamba sura ya pili inawageukia wao waziwazi. Anajua pia kuwa aya tano tu kabla ya zaka, Mungu anawashitaki wanaomdhulumu kibarua mshahara wake, mjane na yatima. Ukiyaondoa hayo, unabaki na mahubiri ya "panda mbegu uvune", na mjane aliyetajwa kama mdhulumiwa ndiye anayeombwa atoe nauli yake ya kurudi nyumbani.

Hilo nalikubali lote. Ila baadhi ya wanaolihubiri fungu hilo kwa namna hiyo, na kwa vipaza sauti vikubwa zaidi, huitwa Dokta.

Kabla ya Shakahola kulikuwa na Kanungu. Tarehe 17 Machi 2000, mamia ya waumini wa kundi la kidini waliteketea ndani ya jengo lililopigiliwa misumari huko kusini magharibi mwa Uganda. Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde ndio majina yanayotajwa zaidi, lakini miongoni mwa viongozi wa kundi lile alikuwemo Dominic Kataribabo, padre aliyepita seminari na kusoma masomo ya dini hadi uzamili nchini Marekani. Kwa kipimo cha Rwanda angepita bila swali. Na Rwanda yenyewe ina Athanase Seromba, padre wa Nyange, aliyehukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha, kwa sababu ya Watutsi waliobomolewa kanisa juu yao mwaka 1994. Seromba hakukosa masomo ya theolojia.

Sasa mgeukie katekista wa Kikatoliki. Kwenye vigango vingi, yale makanisa madogo yaliyo chini ya parokia, padre huonekana kwa nadra, na Jumapili zilizobaki ni mzee mmoja mwenye Biblia iliyofungwa kwa gundi ndiye anayeongoza ibada, anafundisha watoto wa komunio ya kwanza na kuzika wafu. Kwa Walutheri ni mwinjilisti wa mtaa. Shahada hana. Mbona hakuna anayeandika sheria kwa kumhofia? Kwa sababu akianza kufundisha kwamba watoto wafunge hadi kufa, kabla ya Jumapili ya pili mwenyekiti wa kigango atakuwa amefika parokiani. Kinachotupa amani ni kwamba yupo mtu wa kumwuliza. Kataribabo mwenyewe alikuwa amezuiwa na jimbo lake kutoa huduma ya upadre; akaendelea mahali ambako hapakuwa na wa kumwuliza. Mackenzie alianzisha kanisa lake mwenyewe, na juu yake hapakuwa na mtu.

Na ndiyo maana sheria ya shahada inamgusa mtu asiyetarajiwa. Katekista inampita, maana askofu wake anayo. Inamkamata mama aliyeanzisha maombi sebuleni kwake, yakawa ushirika wa watu hamsini chini ya mabati, yeye mwenyewe akiuza maandazi asubuhi. Ili apate shahada anahitaji kwanza sifa za kuingia chuo, kisha ada, kisha miaka mitatu. Asipoweza, watu wake watahamia kwa mwenye uwezo wa kulipa, na mwenye uwezo wa kulipa mara nyingi ndiye yule wa mbegu.

Matendo 18 inasimulia jambo ambalo wajadili wa pande zote mbili hulipita haraka. Apolo anaitwa mtu wa elimu, hodari katika Maandiko, lakini mafundisho yake yana pengo. Wanaomchukua kando na kumweleza vizuri zaidi ni Prisila na Akila, mafundi wa mahema. Uamsho wa walokole uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulikwenda kwa mwendo huohuo. Simeoni Nsibambi, mmoja wa viongozi wake, hakuwa mchungaji, na katika vikao vya walokole hata kasisi aliulizwa mbele ya wote kama anatembea nuruni. (Walikuwa na makali yao, na si kila aliyeulizwa alitoka salama.)

Mtu atasema tufanye vyote viwili, shahada na usimamizi. Ningekubali kama rungu hilo lingebaki lilipokusudiwa. Juni 2025 Msajili wa Jumuiya wa Tanzania alifuta usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima, baada ya askofu huyo kukemea utekaji wa watu, kwa maelezo kwamba mahubiri yake yalikuwa ya kisiasa. Hapakuwa na mjadala wa vyeti wala wa usalama wa waumini.

Kuhusu Shakahola, taarifa zilikuwepo. Mackenzie alikamatwa 2017 kwa tuhuma za kuwazuia watoto kwenda shule. Machi 2023 alikamatwa tena juu ya vifo vya watoto wawili, akaachiwa kwa dhamana. Wiki chache baadaye ndipo ufukuaji ulipoanza. Kati ya 2017 na siku hiyo ipo ile miaka mitano ya Rwanda na zaidi; angetaka, angekuwa ameshahitimu.