Duara Likipanuka, Mchapuko Hupungua au Huongezeka?

Wape wanafunzi wa fizikia hapa Tanga swali hili na ubishi hautakosa: kitu kinachozunguka kikihamia duara kubwa zaidi, mchapuko wake wa kuelekea kitovuni, yaani jinsi mwendo wake unavyopindishwa kwa haraka kuelekea katikati ya duara, hupungua au huongezeka? Wengi husema hupungua. Anayesema huongezeka huonekana hakusoma, na naamini anaonewa.

Hoja ya wengi ni sahihi. Mchapuko ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa nusukipenyo. Bodaboda anayeshuka kutoka Lushoto kwenda Mombo kwa mita 10 kwa sekunde, akikata kona yenye nusukipenyo cha mita 20, anahitaji mchapuko wa mita 5 kwa sekunde mraba. Kona ikibana hadi mita 10, anahitaji 10, na hapo msuguano wa tairi na lami kwa kawaida hautoshi. Asipopunguza mwendo atatoka nje ya barabara.

Lakini bodaboda huchagua kasi yake mwenyewe. Ngoma ya korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge, haina uhuru huo: kila sehemu yake humaliza mzunguko kwa muda uleule. Sehemu iliyo mbali na mhimili mara mbili lazima ikimbie mara mbili. Mraba wa mbili ni nne. Gawanya kwa nusukipenyo kilichoongezeka mara mbili, unabaki na mbili. Mchapuko umekuwa maradufu, na fomula iliyotupa jibu hilo ni ileile ya akina hupungua!

Tuseme ngoma inazunguka mara 5 kwa sekunde. Sentimita 25 kutoka kwenye mhimili, mchapuko ni kama mita 247 kwa sekunde mraba. Sentimita 50, ni kama 493, yaani takribani mara 50 ya mchapuko wa kitu kinachodondoka. Bolti iliyo pembezoni huvutwa kwa kani maradufu ya bolti yenye uzito uleule iliyo katikati ya njia. Fundi aliyekariri kwamba duara kubwa lina mchapuko mdogo atafunga bolti dhaifu palepale panapotakiwa imara kuliko kote.

Dunia nayo iko upande huohuo. Tanga, nyuzi 5 kusini mwa ikweta, huzunguka kila siku duara kubwa kuliko la Kairo iliyo nyuzi 30 kaskazini, kwa muda uleule. Mchapuko wetu ni kama 0.034, wao, 0.029.

Kumnyima alama mwanafunzi aliyejibu "huongezeka" ni kumwadhibu kwa pengo la swali. Christiaan Huygens, Mholanzi, alipochapisha kanuni hizi mwaka 1673 alizitenganisha: muda wa mzunguko ukiwa sawa, kani hukua pamoja na duara, kasi ikiwa sawa, hupungua duara likipanuka. Mtunga mtihani anahitaji kuongeza maneno mawili tu: "kasi ileile" au "muda uleule".