Kamba, Karoti na Farasi Aliyetulia Kupita Kiasi

Wanaofunza farasi wamegawanyika kambi mbili, na maneno wanayorushiana ni makali. Kambi kongwe hufunza kwa kubana na kulegeza: hatamu, yaani kamba za kumwongozea farasi, inavutwa au mguu unagusa ubavu, farasi anaitikia, na mbano unaondolewa papo hapo. Kambi ya pili hufunza kwa tuzo: farasi akifanya linalotakiwa husikia mlio mfupi aliouzoea, kisha hupewa kipande cha karoti. Hawa huwaona wenzao watesaji, nao huitwa wadekezaji.

Lipo na kundi la tatu, linaloshikilia kwamba farasi anatafuta bwana na binadamu sharti awe huyo bwana. Sioni haja ya kukaa nalo sana. Farasi wanapofukuzana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi wanagombea malisho, maji au nafasi. Hakuna hata mmoja anayemfundisha mwenzake kuinua mguu ili ukwato usafishwe. Imani hii ina hatari nyingine: humfanya mtu auone woga kuwa ni kiburi, akampiga mnyama ambaye tayari anatafuta njia ya kukimbia.

Na kukimbia ndiyo silaha ya kwanza ya farasi. Ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na humwonyesha karibu nyuzi 350 za mazingira yake, isipokuwa sehemu ndogo mbele ya paji la uso na nyingine nyuma ya mkia. Anayemjia kutoka nyuma kimyakimya anakaribisha teke la mnyama wa karibu nusu tani. Kumbukumbu yake, hasa ya jambo lililomtisha, hudumu sana, lakini uwezo wake wa kuunganisha kosa na adhabu iliyochelewa ni mdogo mno. Farasi akikataa kuruka kizuizi, akazungushwa, akasimamishwa, ndipo akachapwa, kinachobaki kichwani mwake ni kwamba kusimama karibu na mtu huyu kunauma.

Jinsi anavyosoma mwili wa mtu ilidhihirika Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita. Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aliyeitwa Hans, ambaye watu waliamini anajua hesabu kwa sababu aligonga ukwato mpaka akafikia jibu sahihi. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza siri yake: Hans aliacha kugonga alipoona kichwa cha muulizaji kikisogea kidogo sana, msogeo ambao muulizaji mwenyewe hakuujua. Kwa hiyo kambi zote mbili zinafunza hata pale zinapodhani hazifunzi.

Hoja ya kambi kongwe ina uzito. Farasi hapandwi bila miguu na mikono ya mpandaji, na mbano ndio lugha inayobaki mambo yanapoharibika. Farasi aliyeshtuka hana hamu ya karoti. Kinachoweza kumrudisha ni hatamu aliyofundishwa, siku zilizotulia, kwamba akipunguza mwendo inalegea. Tatizo ni kwamba wengi hujua kubana tu. Mkono usiolegeza humfundisha farasi kwamba kutii hakuna faida. Anazoea maumivu, mpandaji anatafuta lijamu (chuma cha mdomoni kinachofungwa hatamu) kali zaidi, na safari hiyo haina kituo. Kibaya kuliko hicho ni kumvuta hatamu huku ukimpiga visigino, maana ameambiwa nenda na simama kwa wakati mmoja.

Dunia ililiona hilo kwenye Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, katika pentathloni ya kisasa, mchezo wa mashindano matano ambao wakati huo ulikuwa na upandaji farasi, na mwanamichezo alipewa farasi kwa kura na dakika 20 tu za kumzoea. Annika Schleu wa Ujerumani alikuwa anaongoza, akapata Saint Boy, farasi aliyekwisha mgomea mpandaji mwingine siku hiyohiyo. Machozi na mjeledi havikumsogeza, na kocha akaondolewa kwa kumpiga farasi ngumi. Baadaye upandaji ulifutwa katika mchezo huo, Paris 2024 ikawa Olimpiki ya mwisho kuwa nao. Mimi naona lawama nyingi zilimwangukia binti yule, ilhali utaratibu wenyewe haukumpa farasi nafasi ya kumwelewa aliye mgongoni.

Tuzo nayo inang'aa pale ambapo farasi ana sababu ya kuogopa: sindano ya daktari wa mifugo, kuingia kwenye trela, kushikwa sikio. Pia humpa mwalimu habari, kwa kuwa mnyama aliye huru kuondoka akabaki amesema kitu. Lakini karoti iliyotolewa ovyo huzaa farasi anayepekua mifuko kwa meno. Ndiyo maana wanaoijua kazi huanza wakiwa nyuma ya uzio, na somo la kwanza huwa ni kugeuza kichwa mbali na chakula.

Linalonitia shaka zaidi halina kambi. Ni ile tabia ya kumfunga farasi na kumtikisia plastiki mpaka aache kuhangaika, kisha watazamaji wanapiga makofi. Majaribio ya wanasaikolojia Seligman na Maier kwa mbwa mwaka 1967 yalionyesha kwamba mnyama asiyeweza kuzuia maumivu anaweza kuacha kujaribu hata pale njia ya kutoka inapofunguliwa. Farasi wa namna hiyo huonekana mtulivu, kumbe amekata tamaa, na siku woga ukimshinda hulipuka bila dalili ambazo mtu angeziwahi. Njia salama ni ya polepole: plastiki ioneshwe kwa umbali ambao anaigundua lakini bado anaweza kutafuna nyasi, na iondolewe anapotulia, si anaporuka.

Hukumu yangu basi ni mbano hafifu mtu akiwa mgongoni, na tuzo akiwa chini, kwenye mambo ya kutisha. Anayechagua mwalimu atazame ile sekunde moja baada ya farasi kutii: je, mkono umelegea? Shida kubwa iko kwa wanaoanza kujifunza kupanda, ambao mikono yao hushika hatamu kama nguzo ya kujizuia wasianguke, na farasi mdomoni anabeba makosa yao kutwa nzima. Hao wangepewa kwanza mkanda wa shingoni wa kushika, mwalimu akiongoza kwa kamba ndefu, hatamu zije baadaye.