Han Solo karudi na mvi zake
Eti mwandishi mmoja anasema hii trela ya filamu mpya ya Star Wars (The Force Awakens, Aprili 2015) ni "trela tu", tu ya wapi jamani, mi nimeiangalia mara sita toka asubuhi na kila ikifika pale Harrison Ford, ndo Han Solo mwenyewe, anatokea kichwa kizima mvi, Chewbacca, yule rafiki yake wa manyoya, kasimama pembeni yake wala hajazeeka, naishiwa pozi. Toka 1983 mpaka hiyo 2015 hatukuwa tumemwona Han Solo kwenye filamu mpya, miaka 32 hiyo! Zile filamu tatu za Star Wars za 1999 mpaka 2005 hazikunikolea, vikao vya seneti vingi na picha za kompyuta kila kona (ila yule mwovu Darth Maul na ule upanga wake wa pande mbili, hapo sawa). Halafu ile meli kubwa ya kivita imelala mchangani, chakavu, ndo imenimaliza kabisa. Filamu yenyewe ilikuwa ya Desemba 2015, mbona ilikuwa mbali hivyo