Shilingi Mia kwa Makalio ya Ndege

Mimi ni mtafsiri wa kulipwa kwa neno. Neno moja shilingi mia. Ukisikia hivyo unaona raha, kwamba nikae na chai yangu nitwange maneno elfu, laki hiyo. Wewe hujakutana na ndege wa Kiingereza.

Februari hii nikaletewa bango la shule: ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na kuja Afrika kila mwaka. Nikasema huu mteremko. Wa kwanza ‘barn swallow’. Mbayuwayu huyo, mia mfukoni. Wa pili ‘redstart’. Red nyekundu, start mwanzo. Nikaandika Mwanzo Mwekundu, likasomeka kama gazeti la chama, nikapita. Wa tatu ‘wheatear’. Hapo nikajiona bingwa. Mshamba angeandika Sikio la Ngano, lakini mimi najua ‘ear’ ya ngano ni suke. Suke la Ngano! Nikatuma huku nikitabasamu peke yangu.

Kesho yake dada wa ofisini akapiga simu. “Kaka, huyu ndege anakula wadudu. Ngano kaitoa wapi?”

Nikamchukua binti yangu Neema anishike mkono kwenye tope, nikaenda kwa Mwalimu, jirani yangu mstaafu, mwenye kamusi nene kama tofali anayoifunga kwa kanga. Shikamoo, marahaba, kanga ikafunguliwa, miwani ikavaliwa. Mwalimu akasoma. Akanyamaza. Akasoma tena kidole kikiwa kwenye mstari. Kisha akafunika ukurasa kwa kiganja.

“Neema, mjukuu wangu, hebu kamwangalizie bibi kuku.”

Neema alipotoka, Mwalimu akaniinamia sikioni. Hakuna ngano hapo, na hakuna sikio. ‘Wheat’ hiyo ni ‘white’ iliyopinda, na ‘ear’ ni kipande cha ‘ers’, neno lao la zamani la matako. Jina zima ni Matako Meupe, kwa sababu ndege akiruka huko nyuma kunang’aa. Watu wakasahau, wakadhani ile s ya mwisho ni ya wingi, wakaikata. Mwishoni mwa karne ya 16 walishaandika ngano na masikio bila haya.

Na kosa likishazaliwa halikosi mtetezi. Wakaja waliosema anaitwa hivyo kwa sababu hunenepa ngano ikiiva! Kunenepa alinenepa kweli, maana karne ya 18 wachungaji wa kondoo kule Sussex, kusini mwa Uingereza, walikuwa wakimtega na kumuuza Brighton, matajiri wanamla kama kitoweo cha heshima. Hapo siwalaumu. Nani angeagiza sahani ya jina lile lingine mbele ya wakwe?

Lakini Mfaransa hakujificha, yeye kwa jina la zamani alimwita ‘cul-blanc’, matako meupe kavukavu. Wanasayansi nao wana ‘Oenanthe’, Kigiriki cha ua la mzabibu. Ndege mmoja, huku ua, huku matako, na Mwingereza katikati anazugazuga na ngano.

Nikauliza na ule Mwanzo Mwekundu. Mwalimu akacheka mpaka miwani ikaanguka. ‘Start’ hiyo ni neno la kale la mkia. Mkia mwekundu, basi. Gazeti la chama likafa palepale.

Sasa nimpe jina gani? Makalio-meupe, dada akasema mwalimu mkuu atalichana bango. Mkia-mweupe, mtaalamu wao akakataa, eti ncha ya mkia ni nyeusi. Sehemu-nyeupe-ya-kukalia nikaiacha mwenyewe, ndege hakalii pale. Siku ya tatu tukaelewana: Kiuno-cheupe. Nikauliza kwa upole kama kistari kinafanya maneno mawili. Dada akasema ni moja.

Mke wangu akapiga hesabu. Bando elfu mbili, viatu vimekwisha kwa tope, siku tatu.

“Baba Neema, siku tatu unatafuta matako, umepata mia?”

Nikampa habari za ndege mwenyewe nibadili mada. Kuna waliofungwa vifaa vidogo kule Alaska, wakaonekana wamefika Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500 kwenda tu. Uzito gramu 25, vijiko sita vya chai vya sukari. Mke wangu akasema na huyo naye bila shaka halipwi kwa kilomita.

Juzi napita uwanja wa mpira kule Kisongo, nikamwona. Kasimama juu ya kichuguu, wima kama askari wa gwaride, mgongo kijivu, mstari mweusi machoni kama mwizi wa kwenye katuni. Anatikisa mkia, anakimbia hatua tatu, anasimama, ananitazama. Nikamwambia, “Kiuno-cheupe, habari za safari?”

Simu ikalia mfukoni. Ujumbe wa ofisini: “Kaka, malipo tumeyasogeza mwisho wa mwezi ujao.”

Nikainua macho. Ndege akageuka, akaruka chinichini kuelekea goli la mbali, na nyuma yake nikayaona mwenyewe, meupe pee.