Juu ya fremu au gesti ya mwezi: hesabu ya bachela wa Kariakoo

Asiye na familia na anayefanya kazi Kariakoo, Gerezani au Posta ana njia mbili za kukwepa safari ya alfajiri kutoka Mbagala au Kibaha. Anaweza kupanga kwenye ghorofa la makazi na biashara, yale ambayo chini ni fremu (vyumba vya maduka), katikati stoo na ofisi, juu vyumba vya kuishi. Au anaingia gesti na kupatana bei ya mwezi badala ya ya usiku. Gesti nyingi za mitaa ya ndani hukubali, kwa sababu katikati ya wiki vyumba vyao hulala wazi. Wanaobishania njia hizi huishia kwenye bei, na hiyo bei yenyewe huipigia hesabu nusu.

Tuipige yote, kwa tarakimu za mfano. Chumba na sebule juu ya fremu kwa 400,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi 6 mkononi, yaani 2,400,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, 400,000. Kitanda, godoro, mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake, feni, friji ndogo ya mtumba, mapazia, ndoo na sufuria: weka 1,000,000. Kabla ya kulala usiku wa kwanza zimetoka 3,800,000. Gesti yenye choo ndani inayotoza 20,000 kwa usiku ingefika 600,000 kwa mwezi, ila anayelipa mwezi mzima kwa mkupuo hupunguziwa. Tuseme 450,000, umeme, maji, shuka na usafi vikiwemo. Kwa macho, gesti imezidi kwa 50,000 tu.

Lakini gesti hairuhusu kupika chumbani. Chakula cha kununua kikiwa 8,000 kwa siku na cha kujipikia 4,500, hiyo ni 105,000 zaidi kwa mwezi. Dobi 30,000. Gesti sasa ni 585,000. Upande wa pili, ongeza umeme 30,000 na michango ya maji, taka na mlinzi 40,000, inakuwa 470,000. Anayepanga anaokoa 115,000 kila mwezi. Ila 400,000 ya dalali hairudi, na vyombo vya 1,000,000 ukiviuza utapata nusu ukibahatika. Zimezama 900,000. Gawanya kwa 115,000: karibu miezi 8.

Kwa hiyo mwenye mkataba wa kupanga wa miezi 6 ambaye hatauhuisha anapata hasara kuliko aliyekaa gesti muda huohuo. Aliye kwenye kipindi cha majaribio kazini, au aliyetumwa Dar kwa mradi wa miezi mitatu, gesti ndiyo rahisi kwake, hata kama ndugu wanamwona anachezea hela. Tena ukipata uhamisho kwenda Mwanza kesho, unafunga begi tu.

Wepesi huo una gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Mtu wa gesti huhesabiwa mgeni, hata akikaa muda mrefu. Kumbukumbu yake ni mstari kwenye kitabu cha wageni: jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho. Mwenye gesti akipata kundi la harusi linalotaka vyumba vyote Ijumaa, bachela wa mwezi ndiye anayeombwa "apishe kidogo". Mpangaji, kwa upande wake, analindwa na Sheria ya Ardhi ya 1999, na mgogoro wake anaweza kuupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kisha kuna barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Kufungua akaunti, kumdhamini mtu, kushughulikia kitambulisho cha taifa, kote utaulizwa unakaa mtaa gani na nani anakufahamu. Mjumbe hana sababu ya kumfahamu mtu wa chumba namba 7.

Kwa mwanamke anayeishi peke yake mizani inaelemea zaidi. Gestini hugongewa mlango na watu wasiomjua, na siku ya msako wa polisi yeye ndiye wa kwanza kutakiwa kujieleza. Kwenye ghorofa la biashara kuna mlinzi usiku kucha, lakini ngazi zinazopita kwenye stoo zilizofungwa huwa giza kuanzia saa moja. Hapo kinachoamua ni nani ameweka taa ya ngazi na nani anainunulia LUKU.

Kuishi juu ya duka si jambo geni pwani. Mji Mkongwe wa Zanzibar una nyumba za kale za wafanyabiashara wenye asili ya India, duka mbele chini na familia juu. Tofauti ni kwamba kule duka na kitanda vilikuwa vya mtu mmoja. Kariakoo ya leo, mwenye fremu na anayelala juu hawajuani, na jengo hupangiliwa kwa kumfuata anayelipa zaidi, ambaye si bachela.

Maji ndiyo yanayolionyesha hilo mapema. Simtanki la lita 5,000 kwa vyumba 20 ni lita 250 kwa kila chumba, na mtu mmoja lita 80 kwa siku zinamtosha kabisa. Kwenye karatasi hakuna shida. Shida ni bomba moja linaloshuka kutoka tangini, likihudumia vyumba, vyoo vya fremu na mgahawa wa chini kwa pamoja. Kila mita moja ya kimo kati ya maji na bomba hutoa presha ya bar 0.1. Shawa ya ghorofa ya juu kabisa, ikiwa mita 2 chini ya tangi, ina bar 0.2 wakati kumetulia. Mgahawa wakifungua bomba la kuoshea vyombo, hata hiyo inaliwa. Shawa ya umeme ina kiwambo ndani ambacho lazima kisukumwe na maji ndipo umeme uungane. Presha ikishuka, kiwambo hakisogei na maji yanatoka baridi. Mpangaji analaumu shawa, ananunua nyingine, nayo inafanya vilevile. Dawa ni bomba la pekee la vyumba kutoka tangini, au pampu ndogo ya kuongeza presha kwenye mstari huo. Jambo jingine la kuuliza ni nani mwenye ufunguo wa chumba cha pampu. Akiwa ni msimamizi wa fremu, basi sikukuu fremu zikifungwa, tangi likikauka halijazwi hadi arudi.

Shawa hiyohiyo ndiyo hatari ya kwanza ya umeme. Ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta ampia 24. Ikiungwa kwenye waya wa 2.5 (milimita za mraba) wa soketi, waya unapata moto ukutani taratibu, na dalili ni harufu ya plastiki karibu na swichi ya bafuni. Inataka waya wake kutoka kwenye breka yake, wa 4 kwa uchache, wa 6 kwa usalama. Na Dar, ambako maji ya tangi saa kumi jioni yameshapashwa na jua, ni wachache wanaoihitaji kweli.

Ukiiacha, bili nayo inabadilika. Feni usiku, friji ndogo, taa na runinga ni kama uniti 63 kwa mwezi. Kwa bei za TANESCO za miaka ya karibuni, mita ya nyumbani isiyozidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa shilingi 100, na ile ya matumizi ya kawaida, ambamo biashara ndogo zimo, 292. Ukijumlisha VAT na tozo ni 122 na 356. Uniti 63 kwenye mita yako ya kundi la kwanza ni kama 7,700. Kwenye mita unayochangia na fremu ni zaidi ya 22,000. Ongeza shawa ya moto dakika 8 kwa siku unafika uniti 85, na ndipo inapotoka ile 30,000 ya hesabu ya juu. Gestini umeme hulipwa na mwenye gesti, ndiyo maana bei ya mwezi mara nyingi ni ya chumba cha feni. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kikila uniti 5 kwa usiku, ni zaidi ya 50,000 kwa mwezi kutoka mfukoni mwake, na usishangae rimoti ikibaki mapokezi.

Kelele zimebadilika tangu biashara ya saa 24 ilipozinduliwa Kariakoo Februari 2025. Mchana honi, usiku malori yanayoshusha mzigo na maguta. Ushauri wa kawaida ni kuchukua chumba cha nyuma, ila nyuma ndiko jenereta za fremu zinakopumulia moshi. Ukiona masizi ukutani chini ya dirisha, chumba hicho ni cha kufunga madirisha kila umeme ukikatika. Gesti ya mtaa wa ndani ina utulivu zaidi, ikiwa haina baa.

Kuna jambo moja ambalo punguzo lolote la kodi halilifidii. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Anayekaa juu hana sauti juu ya kinachofanyika chini yake: mwenye fremu anataka nafasi, anavunja ukuta, anachimba stoo ya chini ya ardhi. Ukuta wa kugawa vyumba usiobeba uzito wa jengo unaweza kuondoka bila madhara. Nguzo na boriti haziguswi. Kwa hiyo anzia ukaguzi chini, hata kama unapanga ghorofa ya nne. Angalia nguzo za fremu kama zimechongwa au nondo zinaonekana. Juu, tazama pembe za madirisha: ufa wa mshazari unaoanzia kwenye pembe na kuendelea kupanuka, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri ambao ghafla unakwama, ni sababu ya kuondoka na kuidai kodi baadaye. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye lipu peke yake hazitishi.

Moto ni suala la ngazi. Majengo mengi yana moja tu, nayo hupita kwenye stoo za nguo na vyombo vya plastiki. Gesti nayo ina madirisha ya nondo, lakini mara nyingi ni ghorofa moja au mbili na mlango wa mbele una mtu wa mapokezi. Kwenye ghorofa la biashara, geti la ngazi hufungwa kwa kufuli usiku kulinda mzigo, na wa juu wamo ndani. Namba ya zimamoto, 114, haisaidii kitu kama kufuli limefungwa kwa nje.

Jengo ambalo vyumba vina ngazi yao, mita yao na bomba lao la maji linastahili miezi 8 na kuendelea. Likikosa mojawapo, shusha bei. Likikosa ngazi, achana nalo. Nenda ulione mara mbili, saa nne asubuhi na saa tatu usiku, ya pili bila dalali. Usiku huo mwambie mlinzi akuonyeshe ufunguo wa geti la ngazi, na uhesabu dakika anazotumia kuupata.