Manase Alizaliwa Kabla Ndugu Hawajaomba Radhi

Wito wa "achilia ya nyuma upokee baraka zako" umezoeleka sana kwenye mikesha na semina. Watu wanafumba macho, wananyoosha mikono juu, inatamkwa kwamba ya jana yamekwisha. Jumatatu uchungu uko palepale, na aliyeumizwa anajitwisha mzigo wa pili: anaona imani yake ni haba. Naamini kosa si lake. Amefundishwa kwamba kuachilia ni kufuta kumbukumbu, na kwamba baraka ni ujira wa kufuta huko.

Fungua Mwanzo, sura ya 37 hadi 50, ufuatilie miaka. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, akiwa na miaka 17, akapelekwa Misri. Akasimama mbele ya Farao, mfalme wa Misri, akiwa na miaka 30, akapewa cheo cha kuisimamia nchi yote. Kabla miaka ya njaa haijaingia alizaa wana wawili. Wa kwanza akamwita Manase, kwa kuwa Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Wa pili ni Efraimu, kwa kuwa Mungu amemzidisha katika nchi ya mateso yake. Wakati huo ndugu zake wako Kanaani, hawajaikanyaga Misri, hawajasema hata neno moja la toba. Alipojitambulisha kwao ulikuwa mwaka wa pili wa njaa, naye yuko kwenye miaka 39. Anayesema "nitaachilia akija kuniomba msamaha" anaiweka afya ya roho yake mikononi mwa mtu ambaye huenda asije kabisa.

Tena cheo kilitangulia. Pete ya Farao ilikuwa kidoleni kabla Manase hajazaliwa, kwa hiyo Yusufu hakukinunua cheo kwa kusamehe. Ila mtu mwenye funguo za ghala wakati wa njaa, na moyoni bado ana kisasi, angewaua ndugu zake kwa kuwanyima tu nafaka. Kuachilia ndiko kulikoifanya baraka ile iwe chakula cha wengi.

Na kusahau kwake hakukuwa kupoteza kumbukumbu. Ndugu walipoinama mbele yake aliwatambua mara moja, akazikumbuka ndoto zake za ujana kwamba siku moja wangemwinamia, akajitenga akalia. Paulo naye, anapoandika katika Wafilipi 3 "nikiyasahau yaliyo nyuma", aya chache kabla ametoka kuyaorodhesha: kabila lake, Ufarisayo wake, jinsi alivyoliudhi kanisa. Aliyakumbuka yote, ila hayakuwa tena yanamwongoza.

Basi mtu afanyeje? Picha ninayoiona inafaa kuliko zote ni ya deni, kama katika Mathayo 18. Mtumwa aliyesamehewa deni kubwa na bwana wake alimdai mwenzake dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima, kwa hiyo hiyo ni kazi ya miezi mitatu na zaidi. Yesu hakusema deni hilo ni dogo. Huwezi kufuta deni usilolijua, na hapa ndipo sala ya "Bwana, nawasamehe wote" inapokwama. Chukua karatasi. Andika nani, alifanya nini, ulipoteza nini: ada ya mtoto, ndoa, jina zuri mtaani, miaka 6 ya ujana. Usipunguze, usiongeze. Kisha omba ukitaja mstari mmoja mmoja, na useme waziwazi unachokiachia: haki ya kumlipiza, ya kumsema vibaya, ya kufurahi akianguka. Mafumbo kwenye status ya WhatsApp yamo humo pia. Kumbukumbu ikirudi baada ya wiki mbili, usidhani umeshindwa. Mstari huo unautaja tena. Jeraha kubwa hutajwa mara nyingi.

Kinachowaumiza wengi, hasa wanawake, ni kuchanganya kumsamehe mtu na kumwamini tena. Yusufu hakuchanganya. Alimshika Simeoni, mmoja wa ndugu zake, akaficha kikombe cha fedha kwenye gunia la Benyamini, mdogo wao wa mwisho, akangoja aone watafanya nini. Yuda, yuleyule aliyetoa wazo la kumuuza, akajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake. Hapo ndipo Yusufu aliposhindwa kujizuia. Kwa hiyo mke anayepigwa anaweza kumsamehe mumewe akiwa kwa wazazi wake, na akaenda Dawati la Jinsia polisi siku hiyohiyo. Shamba la urithi ulilodhulumiwa unaweza kulidai mahakamani bila chuki. Na aliyedhulumu, akitubu, arudishe: Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu. Mchungaji anayemharakisha mtu arudi nyumbani kabla hajaona badiliko lolote anamwongezea jeraha.

Upande wa aliyesamehewa nao una kazi yake, na huwa hauhubiriwi. Yakobo, baba yao, aliishi Misri miaka 17, akafa, na ndugu zake Yusufu wakaanza upya kuogopa kwamba sasa atawalipa. Walikuwa wamekula mkate wake miaka yote hiyo bila kuuamini msamaha wake. Yusufu alilia aliposikia. Hakuwaambia kwamba hawakumkosea. Alisema wazi walimkusudia mabaya, na Mungu akayakusudia kuwa mema. Kisha akawaahidi kuwalisha, wao na watoto wao.